Flashi ya Uzi Mwekundu

Hidaya mwanangu,

Umetoka kama saa moja sasa. Umekaa mbele ya kompyuta ya dukani, umebonyeza hapa na pale kwa ile haraka yako ambayo macho yangu hayajawahi kuifuata, kioo kikawa cheusi, kikabaki na mstari mmoja mweupe wa Kizungu. Ukasimama, ukakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kuparua samaki wa migebuka. Ukasema, "Haya mama. Nimeiua. Ifufue."

Nikadhani unatania. Ukaweka laptop yako mezani, ukaweka na flashi juu yake, ukajifunga mtandio.

"Naenda Ujiji kuwaaga kina mama mkubwa. Nikirudi nikiikuta haijawaka, basi la kesho liende lenyewe. Mimi siendi."

"Hidaya, utaachaje chuo kwa sababu ya kompyuta?"

"Siachi kwa sababu ya kompyuta. Naacha kwa sababu yako. Mashine hizi kuukuu zinakufa kila mwezi. Mimi nikiwa Dodoma nani atakupigia windo, akuwekee Windows upya? Kazi za wateja nimeshazihamishia kwenye laptop, usiogope. Karatasi ya maelekezo hiyo hapo. Na fundi Kiza usimwite."

Ukapanda bodaboda ukaondoka. Chai yako imebaki nusu kikombe, imeshaota ngozi.

Nakuandikia nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine ya fotokopi. Ukigeuza utakuta barua ya mtu anaomba kazi ya udereva, mara nne, mara zote nne jina lake limekatika nusu. Usimcheke, mashine yetu ndiyo ilimkata.

Sikuandikii habari za kula vizuri, wala za kufunga mlango, wala za wavulana. Hayo mama zako wakubwa wanakuambia muda huu huko Ujiji mpaka masikio yako yamechoka. Mimi nataka kukuandikia ya flashi. Nilikuwa nimepanga nikuandikie leo, nikutilie barua kwenye begi uisome ukishafika mbali, mahali ambapo huwezi kunitazama usoni. Maana jambo hili nalijua peke yangu. Au nilidhani nalijua peke yangu, mpaka kama nusu saa iliyopita. Sasa sijui tena nani anajua nini katika nyumba hii, na kichwa kimenizunguka. Niandike tu kama yanavyokuja, wewe ndiye mwenye akili ya kupanga.

Nianze na gunia.

Unakumbuka mara ya kwanza mashine hii ilipokufa? Hapana, hukuwepo, ulikuwa bweni, kidato cha tatu. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu niache kushona na kufungua steshenari hii, najua kuchapa na kutoa fotokopi, basi. Asubuhi nawasha, haiwaki. Mteja mmoja akaniambia inataka kupigwa windo upya, akanipa faili kwenye flashi yake, faili moja kubwa ya ISO. Akasema, "Mama, ichome kwenye DVD, uitie, itajipiga yenyewe." Nikamuuliza "Naichomaje?" Hapana, ngoja, hiki ndicho ninachotaka ujue. Sikumuuliza. Nilisema "Sawa, nimeelewa."

Nikaenda kuazima kompyuta kwa jirani, nikaivuta ile faili kwa kipanya nikaitupia kwenye DVD, kama unavyochoma nyimbo. Ikachoma vizuri. Nikaitia kwenye mashine. Wapi. Nikasema labda DVD mbovu. Nikachoma nyingine. Nikachoma DVD tano, Hidaya, na zote tano ukizifungua unakuta ile faili imekaa humo peke yake, nzima, imenikodolea macho.

Ndipo akaja fundi Kiza kutoka Gungu. Akaangalia ile DVD, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Hidaya, hii si windo. Hili ni gunia la mchele limeshonwa mdomo. Umelibeba zima zima, umelitua mbele ya mgeni, halafu unamwambia karibu pilau."

"Sasa si mchele umo ndani?"

"Umo."

"Sasa?"

"Sasa mashine ikiamka asubuhi haina mkono wa kufumulia gunia! Inataka ikute vyombo vimepangwa, moto umewashwa, wali uko kwenye sahani. Ukiinakili faili ilivyo, umehamisha gunia tu. Inatakiwa programu ilifumue, ikipange kila kitu mahali pake, na iweke kile kipande cha mwanzo kabisa, kile mashine inachokitafuta kabla haijajua hata jina lake. Hapo ndipo DVD yako inakuwa butebo, yaani mashine inaweza kuamkia kwake. Flashi vilevile. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mafundi cherehani wa pale baraza la pili wakacheka wote, na mmoja wao mpaka leo akinipitia ananiambia, "Mama Hidaya, gunia limeiva?" Na mimi nikacheka nao. Lakini sikuelewa kitu. Nilielewa pilau.

Kichwa changu ndivyo kilivyo tangu zamani, kinaitikia kabla masikio hayajamaliza kusikia. Shuleni mwalimu akiuliza "Tumeelewana?" mimi ndiye wa kwanza kutikisa kichwa, ili asinifikie. Baba yako alipokuwa ananiambia atanichukua kwao, tutafanya hivi na vile, nilitikisa kichwa kwa kila neno, na kama ungenisimamisha hapo ukaniuliza nimekubali nini, ningetikisa tena. Siku niliyorudishwa nyumbani na daftari zangu za kidato cha pili, wewe ukiwa tumboni, watu wazima walikaa wakaniuliza "Unajua ulichokifanya?" na nikasema ndiyo. Bibi yako peke yake alinifuata jikoni akaniambia, "Umesema ndiyo. Haya niambie, unajua nini?" Nikalia, maana nilikuwa sijui. Naye akasema, "Basi anza na kusema hujui, mwana wanje. Hapo tutakwenda pamoja."

Sikumsikiliza. Yaani nilimsikiliza, nikamtikisia kichwa na yeye.

Lakini wewe likizo iliyofuata ulikwenda kukaa kwa Kiza kibandani kwake wiki nzima. Nilipita siku moja nikakukuta unamwambia, "Fundi, sijaelewa." Anarudia. "Bado sijaelewa." Anarudia. Mara ya nne akatupa bisibisi chini akasema, "Wewe mtoto umetumwa?" Nawe umekaa tu, macho makavu, huna hata aibu. Mara ya tano ukaelewa. Nilirudi hapa kwetu Mwanga kwa miguu nikiwa nimejawa na kitu ambacho sikukijua kama ni furaha au wivu. Nilijiuliza umeutoa wapi moyo huo, si kwangu. Baadaye nikajua. Ni wa Bibi, uliniruka mimi ukatua kwako.

Sasa nije kwenye flashi yenyewe. Nimeshazunguka vya kutosha, hata karatasi ya kwanza ya dereva imeisha.

Ulimrekodi Bibi kule Katonga, kwenye meza yake ya dagaa, likizo ileile. Simu ikajaa, ukaihamishia sauti kwenye flashi. Miezi minne baadaye Bibi akatutoka, na ile ikawa sauti yake peke yake iliyobaki duniani. Ukafunga uzi mwekundu kwenye ile flashi, uzi ulioutoa kwenye kopo langu la kushonea, ukaitia na zile flashi nyingine kwenye kopo la maziwa ya unga, lile tunaloweka flashi zinazosahauliwa na wateja. Kwako wewe uzi mwekundu maana yake "mtu asiguse." Hukuniambia, kwa sababu uliona haihitaji kuambiwa. Mwekundu ni mwekundu.

Lakini mimi nimekua kwenye cherehani, Hidaya. Kwa yule mama aliyenifundisha kazi, kitambaa kikifungwa uzi mwekundu ni kile cha kukatwa kwanza. Miaka sita nimekata vitambaa vya uzi mwekundu kila asubuhi kabla ya vingine vyote.

Siku ile mashine ilikufa tena, na walimu walikuwa wanasubiri mitihani ichapwe. Wewe ulikuwa umekwenda shuleni kufuata cheti chako. Nikasema leo simwiti Kiza, leo nitamshangaza mwanangu. Nilikuwa nimekuona ukifanya mara nyingi. Nikawasha laptop, ile faili ya ISO ilikuwemo, ile programu ya kufumulia gunia ilikuwemo. Nikatia mkono koponi kutafuta flashi, nikaona yenye uzi mwekundu. Nikasema, hii ndiyo ya kazi.

Likaja lile onyo la Kizungu lenye pembetatu ya njano. Nilijua maneno mawili tu, la "zote" na la "vilivyomo." La mwisho sikulijua. Kulikuwa na vitufe viwili, cha kukubali na cha kuacha. Nikakubali. Maisha yangu yote nimekubali, kwa nini siku hiyo nikatae?

Na ikawaka, Hidaya! Hapo ndipo huwa nachanganyikiwa hata kukumbuka. Nilichomeka flashi, nikabonyeza kitufe kile cha juu, ikaja orodha, nikachagua, mashine ikaamka. Mitihani ya walimu ilichapwa. Nilicheza peke yangu humu dukani, nimeshika rula. Sijawahi kufanya kitu kikubwa kama kile kwa kichwa changu mwenyewe. Nilikuwa nasubiri urudi nikwambie.

Ukaingia na cheti mkononi. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Mama, ile flashi ya uzi mwekundu iko wapi? Nataka kuipeleka Ujiji, mama mkubwa anataka kusikia sauti ya Bibi."

Sijui nikueleze vipi. Nikasema ngoja niitafute. Nikaingia chumba cha nyuma na laptop, nikaifungua flashi, nikakuta windo peke yake, mafaili ya Kizungu kutoka juu mpaka chini, Bibi hayumo. Nikaona neno "fomati." Nilikuwa nimewasikia mafundi wakisema "ukiona imeharibika, ifomati, itakuwa kama mpya," na mimi kwa akili yangu nikadhani kuwa kama mpya ni kurudi kama ilivyokuwa kabla sijaigusa. Nikabonyeza. Nikakubali tena. Ikawa nyeupe, haina hata zile za Kizungu.

Nikakuletea hivyohivyo.

"Mama, haina kitu."

"Haina?"

"Haina kitu kabisa. Nani ameishika?"

Na mimi nikasema, "Si Zuhura aliiazima juzi?"

Maneno manne tu. Nimeyahesabu mara nyingi sana. Ni kweli Zuhura aliiazima, alitia nyimbo za harusi ya dada yake, akairudisha na uzi wake. Sikusema uongo, unaona? Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Nimeuliza tu. Ukatoka mbio ukaenda kwao, na mnayo historia tangu chekechea, mmekula sahani moja, mmeshonewa sare na mimi kitambaa kimoja. Ukarudi. Ukaniambia, "Ameapa hajagusa. Ananiapia, mama, huku ananitazama machoni." Ulisubiri niseme kitu, na mimi nikachukua ufagio nikafagia.

Halafu ukaitazama mashine. "Imewaka? Nani amepiga windo?"

"Fundi Kiza."

Kwa hiyo nikampa Kiza na ule ushindi wangu. Ilinibidi. Ningesema ni mimi, ungeuliza nimetumia flashi gani.

Ndiyo maana leo unaniona siwezi. Ndiyo maana umeniulia mashine ukaondoka, na umesema huendi chuo. Ni fundo nililolifunga mwenyewe siku ile, na leo limekukamata wewe mguu.

Tangu hapo Zuhura akipita barabarani anapita upande wa pili, lakini akiniona ananiamkia. "Shikamoo Mama Hidaya." Kila siku. Namjibu "Marahaba" na kuinama kama natafuta kalamu. Mwaka na nusu natafuta kalamu.

Naona kitu kimoja sasa, na nakuandikia si kwa kuwa mimi ni mtu wa kumfundisha mtu. Siku ile ya kwanza lilikuwa kosa dogo. Mtu ameona uzi akafikiri hiki, kumbe kile. Ungelia, ungenikasirikia wiki moja, Kiza angejaribu kuifufua ile sauti, maana nimekuja kusikia kwamba kitu kikifutwa kinaweza kurudishwa kama hujaandika kingine juu yake. Basi kila siku niliyonyamaza niliandika juu yake. Ukikosea huko, Hidaya, sema jioni ileile. Hata kama maneno yanatoka vibaya. Mimi nilisubiri maneno mazuri, nayo hayakuja.

Sasa ya leo.

Ulipoondoka nilikaa nikiitazama ile flashi juu ya laptop. Ina uzi mwekundu. Mpya, umefungwa fundo mbili. Nikasema huyu mtoto ananichezea shere au nini? Nikasoma karatasi yako. Namba moja, chomeka flashi. Namba mbili, fungua programu. Namba tatu, chagua ISO. Hukuandika popote "angalia kwanza kama kuna kitu." Wewe, ambaye hata ukinituma chumvi unaandika ya mawe au ya unga. Likaja onyo lenye pembetatu ya njano. Kidole changu kilikuwa tayari kiko juu ya kukubali.

Sikubonyeza. Nikabonyeza kuacha. Unajua sijui kama nimewahi kubonyeza kile kitufe cha pili maishani?

Nikaifungua flashi. Ndani mna faili moja tu. Jina lake "Bibi Katonga."

Nilifunga mlango wa duka, Hidaya, mchana wa saa nane, wateja wapo nje. Nikaifungulia. Kwanza kelele za mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, watu wanashusha matenga ya dagaa, mtoto analia. Halafu yeye.

"Hawa wameanikwa mchangani. Onja. Onja usikie meno yanavyolia."

Mwanaume, muuza dagaa wa meza ya jirani, anajibu, "Bibi, unaniharibia biashara!"

"Biashara gani? Unauza ufukwe!"

Watu wanacheka. Wewe unacheka karibu kabisa na simu, kicheko chako cha kitoto ambacho umekiacha. Halafu anasema, "Ego, haya, Hidaya, shika huku, mimina taratibu." Ananitaja na mimi, hilo sikulijua kabisa, maana sikuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Anasema, "Mama yako mpelekee hawa wazuri. Mwambie nimechagua mwenyewe. Yule atakubali hata akiuziwa mchanga." Watu wanacheka tena. Mwishoni anauliza, "Hicho kidude bado kinanisikiliza? Kizime, utamaliza chaji bure." Na inakatika.

Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilicheka pale pa mchanga, machozi yanashuka huku nacheka.

Halafu nikaanza kuchanganyikiwa kwelikweli. Umeipata wapi? Ilikuwa moja tu duniani. Kwa Kiza? Nikakumbuka umesema "fundi Kiza usimwite," ukalisema kwa sauti fulani. Ulishamuuliza Kiza, siyo? Amekwambia siku ile hakukanyaga hapa. Basi lini? Jana? Mwaka jana? Au Zuhura, alipotia zile nyimbo za harusi, alichukua na hii akaiweka kwao? Kama Zuhura alikuwa nayo, mbona hakukuonyesha mpaka leo? Au alikuonyesha? Na kama umejua muda wote, mbona uliendelea kunipikia chai? Umeniwekea mtego, au umeniwekea zawadi? Nilikuwa napanga nikufichulie siri, kumbe labda mimi ndiye niliyekuwa nimefichwa. Najaribu kukasirika siwezi, najaribu kuona aibu, na yenyewe haikai, inachanganyika na kitu kingine kitamu. Sijaelewa. Naandika tena hapa ulione kwa mwandiko wangu: sijaelewa.

Basi nikafanya ninavyojua. Nikainakili sauti kwenye laptop. Nikainakili na kwenye simu yangu. Nikaifungua kule, nikasikia "Unauza ufukwe." Nikaifungua huku, nikasikia "Unauza ufukwe." Ndipo nikachomoa flashi, nikaweka ile ya uzi mwekundu kwenye sidiria yangu, haitoki huko. Nikatoa nyingine koponi, ya mteja mmoja aliyehamia Kasulu na kuniachia kwa mdomo wake. Hata hiyo niliifungua kwanza. Ilikuwa na picha za ng'ombe. Nimewahifadhi ng'ombe wake.

Nikaanza upya. Kuna mahali programu inauliza MBR au GPT. Umeandika "mashine ya zamani, chagua MBR." Kwa nini? Sijui. Nitakuuliza. Na ukianza kunijibu harakaharaka nitakusimamisha. Nimechagua hiyo, nikasoma onyo, neno la mwisho nimelitafuta kwenye kamusi yetu ya dukani, hii ya kuuza. Maana yake kuteketezwa. Angalia mwanangu, neno lilikuwepo pale siku zote, kwenye kabati, hatua tatu kutoka nilipokaa.

Nikakubali. Safari hii nilikuwa najua nakubali nini.

Ule mstari wa kijani umetembea polepole sana. Wakati unatembea ndipo nimekuandikia sehemu kubwa ya haya. Umeme umekatika mara moja, duka lote likanyamaza, laptop ikaendelea yenyewe kwa chaji yake, na mimi nikabaki nimeishikilia kwa mikono miwili kama mtoto mwenye homa. Umeme umerudi. Mstari umefika mwisho.

Nimechomeka kwenye mashine kubwa. Nimewasha. Nimebonyeza F12 kama mtu anayegonga mlango usiku wa mvua. Orodha imekuja. Nimechagua flashi. Kioo kimekuwa cheusi.

Bado cheusi.

Hidaya, kimekaa cheusi mpaka nimeanza kuona uso wangu humo. Labda ilikuwa GPT. Labda gunia halijafumuka. Kama haitawaka, nataka ujue nimeamua tayari. Sitakungoja uingie uione. Nitakaa hapa kwenye ngazi, ukishuka tu kwenye bodaboda nitakwambia kwa mdomo, kabla hujavua kiatu, kwamba ni mimi niliyeifuta, na kwamba nilimsukumia Zuhura. Barua hii haiendi kwenye begi. Utaisoma hapa, mimi nikiwepo, na ukitaka kunitazama unitazame. Halafu nitakwenda kwa kina Zuhura mwenyewe, nimwambie yeye na mama yake, na safari hii sitatafuta kalamu. Basi la kesho utapanda, mashine iwe imewaka au imelala. Mtu mzima anaweza kujifunza kuuliza, hata kwa Kiza, hata mara tano, na wale wa cherehani wacheke mpaka wakate nyuzi.

Kuna nukta. Nukta nyeupe zinazunguka.

Hidaya, zinazunguka! Inaandika kwa Kizungu inaniuliza lugha. Inaniuliza mimi! Ngoja, nisibonyeze kitu. Nisome kwanza.

Nasikia bodaboda. Imesimama mlangoni. Ni mshikaki, mmebebwa wawili, nasikia vicheko viwili, na kimoja ni chako kile cha Katonga, sikujua kama bado unacho. Mlango nimeufunga kwa ndani, mnaugonga. Na sauti ile nyingine naijua tangu iko chekechea, inaita kwa nguvu mpaka mafundi cherehani wameacha mashine zao:

"Mama Hidaya! Hodi! Uliisikiliza kwanza nakala yangu, au umeiua na hii?"

Zuhura, mwanangu, nakuja kufungua, mniache nimalize mstari huu mmoja tu, kwamba siku ile si wewe, ni mimi nili